Nyota Tano za Kilima na Sufuri Zangu

Nani aliwaambia kwamba kilima hupewa nyota?

Nawauliza nyinyi vijana mnaochagua mahali pa kuishi kwa kusukuma picha na kidole kwenye simu. Ile karatasi ya kampuni inayouza viwanja nimeiona. Imebandikwa kwenye duka moja pale Kathonzweni, karibu na mifuko ya unga, inang'aa kama kadi ya harusi. Kilima chetu, ambacho babu zetu walikiita Kiima kya Nzeve, kilima cha upepo, kimepewa jina la Kizungu lenye ukungu na vilele ndani yake. Chini ya jina wameandika: Hali ya hewa, nyota tano. Matembezi na michezo ya nje, nyota tano. Mahali pa kuishi, nyota tano. Nyota kumi na tano kwa kilima kimoja. Hata mbingu ya Kathonzweni, mwezi ukiwa mpevu, haionyeshi nyota nyingi hivyo.

Mimi ni Mutinda. Nilipima mvua ya kilima hicho miaka thelathini na zaidi, mpaka goti likakataa. Shule niliiacha darasa la tatu. Lakini nyumba ya matofali ninayoishi niliijenga kwa mikono hii, na watoto wangu wanne wamesoma mpaka wakachoka wenyewe. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba sikuielewa karatasi. Niliielewa, na ndiyo maana nimekasirika.

Kazi yangu haikuwa kubwa machoni pa watu. Kipima mvua ni mkebe wa shaba uliozikwa nusu ardhini. Juu una faneli, ndani una chupa. Kila siku saa tatu asubuhi, si saa tatu na dakika tano, unatoa chupa, unamimina maji kwenye glasi yenye mistari, unapiga goti mpaka jicho lilingane na maji, unasoma, unaandika kwenye daftari. Ukisoma umesimama, umeongeza mvua. Ukimwaga kidogo, umeiba mvua. Jumapili unapima. Krismasi unapima. Siku niliyooa nilipima kwanza, nikafika kanisani na matope kwenye viatu, na mama mkwe hakulisahau jambo hilo mpaka alipozikwa.

Aliyenifundisha ni Mzee Nzioka, mwenye kituo cha upande wa mawio, pale penye miti ya serikali. Mimi, ingawa nyumba yangu iko upande wa mawio, nilipewa kipimo cha pili, upande wa machweo, karibu na machimbo ya mawe. Kilima ni kimoja, lakini mvua inatoka upande wa mawio, inapanda, inamwaga mzigo wake kule, na ikifika kwenye mkebe wangu ni kama mgeni aliyekwisha kula. Anakusalimia na kupita. Mzee Nzioka alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniambia, "Wewe si Mungu, Mutinda. Usiongeze, usipunguze." Halafu akaniachia daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kwa sababu aliyenitangulia alikuwa akipoteza kalamu.

Sasa hao wenye nyota. Wanasema kilima kina baridi ya kupendeza mwaka mzima. Waje mwezi wa saba. Ukungu unashuka upande wa mawio asubuhi na haujui njia ya kurudi. Nepi za mtoto wangu wa kwanza zilikaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka. Mke wangu akazianika juu ya jiko la kuni, na wiki nzima mtoto alinuka kama nyama ya kuokwa. Jirani akija kumbeba anauliza, "Mnampika kwa moto wa nini huyu?" Tulicheka, lakini kifua cha huyo mtoto kililia kama filimbi mpaka mwezi wa tisa. Baridi ya kupendeza inampendeza yule anayerudi Nairobi Jumapili jioni.

Ukitaka kujua kilima, usimuulize anayekiuza. Angalia kamba ya nguo. Angalia kama watu wameweka mawe juu ya mabati, ujue upepo huwa unafanya nini. Angalia punda wanaelekea wapi asubuhi na wanarudi saa ngapi, kwa maana hapo ndipo maji yalipo. Na uende mwezi wa tisa, wakati kila kitu kimeisha. Mahali ni kama mchumba. Usiende kumwona siku ya harusi ya dada yake.

Na hayo matembezi. Kwenye kilima wamesimamisha vibao vyenye picha ya mtu mwenye fimbo na mfuko mgongoni, na mshale. Wamesema ni njia ya matembezi yenye mandhari. Ile njia ilikanyagwa na wanawake wakienda kisimani tangu kabla mimi sijazaliwa. Jirani yangu Mama Kasyoka alisimama mbele ya kibao, punda wake nyuma na madumu manne, akaniuliza:

"Mutinda, huyu wa picha anaenda wapi?"

"Anatembea."

"Anaenda kuchukua nini?"

"Hachukui kitu. Anatembea tu."

"Kumbe nimefanya michezo ya nje tangu nikiwa msichana," akasema, "na hakuna aliyenipa hata nyota moja."

Wiki iliyofuata mlinzi wa kampuni akamwambia apitishe punda njia ya chini, kwa sababu mavi ya punda yanaharibu mandhari. Njia ya chini ni mara mbili ya ile. Yule mama ni wa umri wangu. Nyinyi mnaotafuta pa kutembeza miguu wikendi, ulizeni kwanza njia hiyo ilikuwa ya nani.

Hayo yote yangeniudhi na yangepita. Mzee huudhika kila siku, ni kazi ambayo haina kustaafu. Lakini mwezi wa tisa huu nilipigiwa simu na Mbithe.

Mbithe ni binti wa Mzee Nzioka. Nilimjua akiwa mtoto anayebebwa mgongoni. Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyeniletea koti la mvua la mzee, nikalivaa mpaka likachanika. Miaka mingi amekuwa na hoteli ndogo Mtito Andei, anapikia madereva wa malori. Mume wake Kyalo ana pumu. Joto la kule, vumbi la barabara na moshi wa malori vimemmaliza. Anakaa kitandani ameegemea mito, hawezi kulala chali kama watu.

"Mzee," akaniambia, "tumepata pa kumpeleka Kyalo. Tunakuja kuwa majirani zako. Nyumba ya huku imepata mnunuzi, wiki ijayo tunaweka sahihi."

"Mnakuja upande gani?"

"Wa machweo. Karibu na yale machimbo ya zamani. Mzee, wameonyesha rekodi za mvua. Zile zile za akina baba. Mvua nyepesi, kidogo kidogo, mwaka mzima. Hakuna vumbi, hakuna baridi kali. Nikasema, kama ni vitabu vya baba, basi hakuna uongo."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata.

Mtu yeyote aliyelima Ukambani msimu mmoja anajua kwamba mvua yetu haiji kidogo kidogo kama chai ya wageni. Inakuja mara mbili. Kuna ile ya nthwa, kumbikumbi wanaporuka, kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi, na kuna ile ya uua baada ya mwezi wa tatu. Katikati ni jua. Mvua nyepesi ya mwaka mzima, upande wa machweo, karibu na machimbo? Nani aliandika upuuzi kama huo?

Jumamosi kampuni iliita watu kilimani. Hema jeupe, viti vyenye riboni, kijana mwenye viatu vilivyochongoka akigawa chupa za maji. Mbithe alikuwepo, na Kyalo kando yake, ameshika goti, anapumua kwa mdomo.

"Karibu mzee," kijana akasema. "Chukua maji."

"Maji haya yametoka wapi?"

"Ni ya chupa, mzee. Kutoka Nairobi."

"Kilima cha nyota tano kinaletewa maji kutoka Nairobi."

Watu wawili watatu wakacheka. Kijana naye akacheka, ana adabu, sitamsema vibaya kwa hilo. Akanipeleka kwenye ubao mkubwa. "Usijali maji, mzee. Tazama mvua yenyewe. Hii ni nakala ya daftari halisi la serikali. Muhuri ule pale."

Nikavaa miwani.

Namba saba yangu ina mkia. Sikufundishwa vizuri kuandika saba, na kila mara inaonekana kama jembe lililoegemezwa ukutani. Katika nchi hii yote hakuna saba nyingine kama hiyo. Pale ubaoni zilikuwa zimejipanga, majembe yangu, ukurasa baada ya ukurasa. Nami nikajua ni mwaka gani.

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo hata watoto wangu hawakulijua.

Nilipoanza kazi sikuelewa sufuri. Shuleni sufuri nilizijua vizuri sana, mwalimu alinichapa kwa kila moja, na ndizo zilizonitoa shule. Kwangu sufuri ilikuwa alama ya mtu asiyefaa. Sasa mvua ya nthwa ikakataa kuja. Kila asubuhi chupa kavu, kila asubuhi naandika sufuri. Siku kumi. Ishirini. Nikaanza kuwaza: hawa wa ofisi kule mjini wakiona sufuri hizi zote watasema Mutinda hafanyi kazi. Nilikuwa nimeoa juzi tu. Siku ya ishirini na kitu nikaandika milimita mbili. Kesho yake nikapumzika, keshokutwa nikaandika saba. Si mvua kubwa, nilijiambia, ni ya kumfanya mtu aonekane yupo. Nikaendelea hivyo miezi sita. Kilima changu kikaloa kwenye karatasi huku mbuzi wakilamba mawe.

Mzee Nzioka alikuja siku moja bila kusema kwamba anakuja. Akatazama daftari. Akapiga goti karibu na mkebe, akachungulia kwenye faneli.

"Jana ulipata saba?"

"Ndiyo, mzee."

"Njoo uone."

Ndani ya mdomo wa faneli kulikuwa na utando wa buibui, kutoka ukingo huu mpaka ule, mzima, na vumbi juu yake, na buibui mwenyewe katikati amekaa kama mwenye nyumba.

"Huyu," akasema Mzee Nzioka, "anajua kuogelea?"

Nilidhani atanipiga. Badala yake akauliza kwa nini, nami nikamwambia habari ya sufuri, na mwalimu, na fimbo. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka ghafla, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Sufuri si yako, mjinga wewe. Ni ya mbingu. Sufuri nayo inaandikwa, na pengine ndiyo ya maana kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayomwambia mtu asipande, asihamie, ahamishe ng'ombe mapema."

Fomu za miezi ile zilikuwa zimeshakwenda mjini. Kuzisahihisha ilikuwa ni kuandika barua, na barua ilikuwa ni kunifukuza kazi. Hakuiandika. Alisema, "Utapima miaka yote iliyobaki bila tone la uongo. Hiyo ndiyo barua." Na nilipima hivyo. Nilipima na malaria. Nilipima siku tuliyomzika yeye.

Sasa hebu nione mtu atakayeniambia nisikasirike. Kule ofisini kuna miaka yangu zaidi ya thelathini ya ukweli, sufuri juu ya sufuri, iliyonila goti. Hawa watu wamefungua kabati hilo lote, wakapekua, wakautoa mwaka mmoja wenye uongo wa kijana mwoga, kwa sababu ndio uliopendeza. Sisemi walijua ni uongo. Nasema hawakutaka kujua. Mtu anayetafuta uzuri peke yake ataupata, hata kama ni wa kubuni.

Nikageuka pale hemani. Goti linauma, sauti bado ipo.

"Ukurasa huu niliuandika mimi," nikasema. "Na ni uongo. Miezi sita mvua haikunyesha upande huu hata tone. Nilibuni."

Kijana wa viatu akanisogelea. "Mzee wangu, hii ina muhuri."

"Muhuri ulipigwa na mtu aliyekaa ndani ya nyumba."

"Labda umesahau. Ni zamani, mzee. Umri nao."

"Umri wangu unakumbuka saba zangu. Nipe kalamu."

Akanipa. Nikaandika saba kwenye karatasi yake ya nyota, kubwa, nikaiinua kando ya ubao. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hiyo ni yake, wallahi." Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini aliyekuja kutazama malisho, na akachukua kofia yake akaondoka. Wengine walibaki, wakaendelea kunywa maji. Msifikiri neno la ukweli linatawanya hema. Watu wengi wanapenda viti vyenye riboni.

Mbithe aliniita kando, nyuma ya gari. Hakuwa na hasira ya kelele.

"Baba alijua?"

"Alijua. Ndiye aliyeona buibui."

"Na hakusema."

"Alinitunza, mama. Nilikuwa na mke mchanga."

"Alikutunza wewe," akasema polepole, "na mimi nilikuwa karibu kumleta Kyalo aje kufia hapa kwa ajili ya hiyo huruma." Akaangalia mbali, kule machimboni, vumbi likinyanyuka lenyewe. "Wazee nyinyi. Mnafunika kitu miaka hamsini, halafu mtoto wa mtu ndiye anajikwaa."

Sikujitetea. Nawaambia hivyo kwa sababu mmenisikia nikiwakemea wengine, na haki ni kwamba mkemeaji naye akemewe. Kama ile barua ingeandikwa, ningefukuzwa, ningekwenda kuvunja mawe, na leo ubao ule usingekuwa na la kuonyesha.

Kyalo ndiye aliyesema, kwa pumzi zake fupi fupi, "Basi tupime wenyewe. Mzee yupo. Atatufundisha."

Hawakuweka sahihi wiki ile. Walimwambia mnunuzi wa Mtito Andei asubiri mpaka mvua ije, akanung'unika, akasubiri. Wakakodi chumba kwa mama mmoja upande ule wa machweo. Mimi nikatengeneza kipimo: mkebe wa mafuta ya kupikia, faneli ya kumiminia mafuta ya taa, chupa ndani. Tukauzika nusu, mbali na ukuta, mbali na mti, kama nilivyofundishwa. Nilimwonyesha Mbithe kupiga goti. Akasema goti lake nalo ni la zamani. Nikamwambia mvua haina habari na magoti.

Wiki za kwanza alinipigia kila asubuhi. Sufuri. Sufuri. Siku moja akauliza kama ni lazima aendelee kuandika kitu ambacho hakipo, nikamwambia maneno ya baba yake. Upepo wa machimbo ulimkuta Kyalo kifua wazi na akakohoa siku tatu. Mwenye chumba akawaambia kwamba maji wananunua kwa punda. Hayo hayakuwa kwenye karatasi ya kung'aa, lakini daftari la Mbithe lilikuwa na ukurasa wa pili, na aliyaandika huko bila kuambiwa. Ana damu ya kipimo.

Halafu siku moja, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, mvua ya nthwa ikafungua. Upande wangu wa mawio mabati yalipiga kelele tangu alfajiri, kumbikumbi wakajaa mlangoni, mifereji ikakimbia, nami nikafurahi kama kila Mkamba anavyofurahi, kwa sababu hiyo haina nyota, hiyo ni chakula. Ilipofika saa tatu nikampigia Mbithe. Ilibidi nipaze sauti juu ya mabati.

"Umefungua mkebe?"

"Nimefungua, mzee."

"Kuna nini ndani?"

Kule kwake mabati hayakulia. Nilisikia jogoo, na Kyalo akikohoa mbali kidogo, na kalamu ikiandika kitu cha mviringo.

"Buibui," akasema. "Na amenenepa."